Athari na Deni katika Vibonzo Tata: Mjadala wa Wasomaji wa The Invisibles

Utangulizi

Swali la athari ni miongoni mwa maswali makongwe katika uhakiki wa fasihi, na pia miongoni mwa yale yanayojibiwa kwa wepesi mno. Mhakiki aonapo kazi mbili zimefanana, huharakia kutangaza kwamba moja imeizaa nyingine. Makala haya yanachunguza historia ya mjadala mmoja wa aina hiyo, uliowashughulisha wasomaji wa The Invisibles, mfululizo wa vibonzo wa mwandishi Grant Morrison, aliyezaliwa Glasgow, Uskoti, mwaka 1960. Hoja inayotetewa ni kwamba mjadala huo, ingawa ulihusu utanzu ambao vyuo vikuu vilichelewa kuupokea, uligusa masuala mawili ya msingi: ni ushahidi upi unaotosha kuthibitisha athari, na ni nani anayestahili kuhesabiwa kuwa chanzo?

Kazi na utata wake

Mfululizo huu ulichapishwa na Vertigo, tawi la kampuni ya Marekani ya DC Comics, kuanzia mwaka 1994 hadi 2000. Una matoleo 59 yaliyogawanywa katika juzuu tatu: ya kwanza ina matoleo 25, ya pili 22 na ya tatu 12. Matoleo ya juzuu ya tatu yalihesabiwa kinyumenyume, kutoka 12 hadi 1, kana kwamba hadithi ilikuwa ikihesabu siku zake za mwisho. Msuko wake ukifupishwa ni mwepesi: kundi la waasi linapambana na watawala wa siri, Arkoni, wanaotaka kuifunga akili ya binadamu katika utumwa asioutambua. Usimulizi wenyewe, hata hivyo, hauna wepesi huo. Unaruka kutoka Uingereza ya miaka ya 1990 hadi Ufaransa ya wakati wa Mapinduzi, unamleta Marquis de Sade miongoni mwa wahusika, na kuishia mwaka 2012. Wachoraji nao walibadilika mara kwa mara, hivi kwamba sura ya mhusika haikubaki ileile.

Lakini utata huu si wa kumkanganya msomaji tu. Katika toleo la kwanza, shujaa King Mob anawaua walinzi kadhaa, na msomaji anapita juu ya vifo hivyo kama ilivyo desturi ya hadithi za ushujaa. Toleo la 12 linarudi kwa mlinzi mmoja kati yao na kusimulia maisha yake yote, utoto, jeshi na ndoa, kwa vipande visivyofuata mfuatano wa wakati. Msomaji anayeviunganisha vipande hivyo hugundua kwamba alishangilia kifo cha mtu. Hapa ugumu wa umbo unabeba hukumu ya kimaadili ambayo usimulizi mnyoofu ungeitoa kwa udhaifu.

Wasomaji na orodha ya vyanzo

Haishangazi, basi, kwamba wasomaji walitafuta ufunguo nje ya kazi yenyewe. Mjadala ulianza katika kurasa za barua za matoleo, na kufikia mwaka 2003 ulikuwa umezaa kitabu kizima cha maelezo, Anarchy for the Masses. Vyanzo vilivyotajwa ni vingi: riwaya ya njama Illuminatus! (1975) ya Robert Shea na Robert Anton Wilson, VALIS (1981) ya Philip K. Dick, maandishi ya William Burroughs, na fikra za Guy Debord. Jina King Mob lenyewe lilikuwa la kundi la wanaharakati wa London mwishoni mwa miaka ya 1960, ambalo nalo lililichukua kutoka kumbukumbu za ghasia za Gordon za mwaka 1780.

Wahenga walisema mwana hutazama kisogo cha nina. Tatizo la wasomaji hawa lilikuwa kwamba mwana huyu alionekana kuwa na nina wengi mno. Orodha ya vyanzo huonyesha alichosoma mwandishi. Haionyeshi alichofanya kwa alichokisoma.

Suala la Moorcock linathibitisha jambo hili. Michael Moorcock alilalamika hadharani kwamba Morrison alimwiga mhusika wake Jerry Cornelius. Kufanana hakukanushiki: Morrison alikwisha kumbuni mhusika wa namna hiyo, Gideon Stargrave, katika jarida la Near Myths mwaka 1978. Hata hivyo, The Invisibles hailifichi deni hili. King Mob anapotekwa na kuteswa, maadui wanaopenya akilini mwake wanamkuta humo Stargrave, naye ni kinyago cha kubuni kinachoukinga ukweli. Deni limegeuzwa kuwa sehemu ya msuko. Hilo halimjibu Moorcock katika suala la haki ya mbunifu, lakini linamjibu mhakiki anayedhani kwamba mwingilianomatini daima ni wizi usiojitambua.

Filamu ya The Matrix

Mwaka 1999 upande wa deni uligeuka. Filamu ya The Matrix ilipotoka, wasomaji wengi waliona humo kijana anayeamshwa kutoka ulimwengu bandia, kiongozi mwenye kipara na miwani, na watawala wasioonekana. Morrison naye alidai hadharani kwamba filamu hiyo ilichota katika kazi yake. Ikumbukwe kwamba DC Comics na Warner Bros., watayarishaji wa filamu, zilikuwa chini ya kampuni moja, Time Warner.

Hata hivyo, ushahidi wa kufanana pekee hautoshi. Filamu hiyo inakionyesha waziwazi kitabu cha Jean Baudrillard, Simulacra and Simulation, na vyanzo vyake vingine vinajulikana. Zaidi ya hayo, kazi zote mbili zina babu mmoja: Ugnostiki, imani ya karne za mwanzo za Ukristo kwamba ulimwengu huu ni gereza linalolindwa na Arkoni. Maandiko yake yaliyofukuliwa Nag Hammadi, Misri, mwaka 1945, yalipatikana kwa Kiingereza kwa ukamilifu mwaka 1977, na Dick aliyatumia katika VALIS. Ndugu wawili hufanana bila mmoja kumzaa mwenziwe.

Athari isiyo na mwandishi

Kuna chanzo kingine ambacho orodha za majina haziwezi kukibeba. Mhusika Jim Crow, mwanamuziki wa rap, hutumia nguvu za vodou ya Haiti. Jina lake ni la kinyago cha dhihaka kilichokuja kuzipa jina sheria za ubaguzi za Marekani. Dini yake ina mizizi miongoni mwa Wafon wa Dahomey, Benin ya leo, na ilivushwa bahari na watumwa. Dini hiyo haina jalada wala mwaka wa kuchapishwa, na uhakiki unaotambua athari kwa majina ya waandishi tu utaigeuza kuwa pambo.

Hitimisho

Mjadala huu unafundisha kwamba athari haithibitishwi kwa mfanano, bali kwa kuonyesha njia ambayo jambo lilipitia na mabadiliko yaliyolipata. Somo hilo lina uzito kwa wahakiki wa Kiswahili pia. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Euphrase Kezilahabi zilipowatatiza wasomaji, wapo waliokimbilia kutaja falsafa ya Nietzsche, kana kwamba kutaja ni kufafanua. Kazi tata haidai kwanza ukoo wake utajwe, inadai isomwe.