Taka ya Nairobi Yote Hulala Dandora. Mbona?

Shuka stage ya Dandora jioni upepo ukigeuka, na moshi wa dampo utakusalimia kabla ya wasee wa base. Unaingia keja bila hodi. Sasa jiulize: taka ya Karen, Kileleshwa na Lavington, mbona inakuja kulala huku na si huko kwao?

Mwanasayansi atakupimia moshi na udongo. Sosholojia, yaani elimu ya vile watu huishi pamoja, inauliza ingine: nani aliamua iwe hapa, na nani hakuulizwa?

Anza na ramani. Mkoloni aligawa Nairobi kwa rangi. Wazungu wakachukua magharibi, kwenye baridi na udongo mwekundu. Wahindi wakawa Ngara na Parklands. Mwafrika akasukumwa mashariki, Pumwani, Kaloleni, Ziwani, kwa ule udongo mweusi unaokuvua kiatu mvua ikinyesha. Uhuru ulipokuja sheria ya rangi ikaisha, lakini ramani ikabaki. Ganji ndiyo ilichukua kazi ya rangi.

Dampo lilianza miaka ya 1970, wakati uleule mtaa wa Dandora ulikuwa unajengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia ili watu wa mapato ya chini wapate ploti. Mwaka wa 2001 likatangazwa limejaa. Malori hayakusikia. Mwaka wa 2007 UNEP, ambao ofisi zao ziko hapo tu Gigiri, wakatoa utafiti: watoto 328 walipimwa, na nusu yao walikuwa na risasi kwa damu kupita kiwango cha kimataifa cha wakati huo. Si risasi ya karao, ni madini.

Na si sisi pekee. Mwishoni mwa miaka ya 1970, msosholojia Robert Bullard alichora ramani ya dampo za Houston, Marekani. Zote tano za jiji zilikuwa kwa mitaa ya watu weusi.

Rahisi basi, si lifungwe? Pole pole. Kuna masee wanaamkia hapo kila siku, wanaokota plastiki, chupa na chuma, wanapimiwa kwa mizani na broka, na jioni unga unapatikana. Katiba ya 2010, kifungu cha 42, inakupa haki ya mazingira safi, lakini haikuambii huyo mathe anayeokota atalipa rent na nini. Ukisikia mtu wa mtaa akitetea dampo linalomkohoza, usimwite mjinga. Amepiga hesabu kuliko wewe.

Cheki pia zile korti za Dandora ambazo vijana walisafisha, wakapanda nyasi na maua, wakaanza kuchunga magari kwa doo kidogo. Hakuna aliyewahubiria watu kuhusu usafi. Korti ikiwa safi, ukitupa karatasi moja kila jirani anaiona, na jina lako linatajwa kwa ngazi wiki nzima. Hiyo aibu ina nguvu kuliko kanjo.

Lakini toka nje ya geti hatua kumi, ufike kwa mtaro usio wa mtu. Msee huyohuyo anatupa ganda la ndizi na hageuki hata kuangalia.