Tenga Lililoshuka Kichwani

Nikitaka kusoma historia ya barabara ya Babati, huanzia sokoni, kwenye tenga la matunda. Tenga lilisukwa kwa ajili ya kichwa: mzigo mmoja, mbebaji mmoja, mwendo wa pole. Yalipokuja malori, matenga yakapangwa moja juu ya jingine. Lakini tenga halina kuta za kuhimili uzito. Hubonyea, na mbebaji anakuwa embe la chini.

Aprili 2018 ilizinduliwa lami ya kilomita 251 kutoka Dodoma hadi Babati. Mtikisiko ukapungua; uzito ukabaki palepale. Parachichi likigongwa leo halisemi. Hugeuka jeusi kwa ndani siku kadhaa baadaye, mbali na mkono ulioligonga. Hasara humrudia mkulima ikiwa imevaa jina la bei ya soko.

Kreti ya plastiki hubeba uzito kwenye kuta zake, si kwenye tunda. Serikali ina mkakati wa kupunguza upotevu baada ya mavuno, wa 2019 hadi 2029. Kwa hesabu yangu, deni lenyewe ni la zamani: lilianza siku tenga liliposhuka kichwani likapandishwa lori.