Gari Jipya Lenye Kovu

Neno "jipya" ni jepesi kulitamka na gumu kulithibitisha. Kanga mpya huijua kwa kukakamaa kwake na kwa harufu ya duka. Sufuria mpya haijapata masizi. Lakini gari je? Limetoka kiwandani, likapandishwa treni, likateremshwa bandarini, likaingizwa melini, likavuka bahari kwa majuma kadhaa, likashushwa na dereva asiyelijua, likakaa yadi likipigwa jua na vumbi, ndipo mwenyewe akaitwa kulichukua. Katika safari yote hiyo likigongwa, likakwaruzwa au likamwagikiwa na kitu, nalo likanyooshwa na kupigwa rangi, lingali jipya? Na aliyelilipia afanye nini: alipokee au alikatae?

Msomaji anaweza kudhani hili ni swali la matajiri, maana wengi wetu magari yetu ni ya mtumba kutoka Japani, na anayenunua mtumba hujua ananunua historia ya mtu mwingine. Hata hivyo, swali hili lilifika hadi Mahakama Kuu kabisa ya Marekani, na majaji tisa wa nchi ile waligawanyika juu yake watano kwa wanne. Yafaa kuieleza kesi yenyewe.

Mnamo Januari 1990 daktari mmoja aitwaye Gore alinunua gari la BMW kwa wakala wa mji wa Birmingham, katika jimbo la Alabama. Bei ilikuwa dola 40,750 na senti kidogo. Aliliendesha miezi tisa bila kuona ila yoyote. Kisha akalipeleka kwa fundi wa kung'arisha magari, si kwa sababu lilikuwa na kasoro, bali alitaka lipendeze zaidi. Fundi akalitazama akamwambia: gari hili limewahi kupigwa rangi upya. Uchunguzi ukaonyesha kwamba paa, boneti, buti na sehemu za ubavuni zilipakwa rangi katika kituo cha kampuni huko Brunswick, jimbo la Georgia, kabla gari halijafikishwa kwa wakala. Pande zote mbili za kesi zilichukulia kwamba rangi ya awali iliharibiwa na mvua yenye tindikali wakati gari likiwa safarini kutoka Ujerumani.

Hapakuwa na ajali wala pembe iliyopinda. Lakini kampuni ilikuwa na utaratibu wake tangu 1983: gari likiharibika kabla ya kuuzwa, na gharama ya kulitengeneza isizidi asilimia tatu ya bei, liuzwe kama jipya na wakala asiambiwe kitu. Gari la daktari lilitengenezwa kwa dola 601.37, yaani kama asilimia moja na nusu. Kwa hiyo kampuni ikanyamaza.

Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Kampuni ilipima kasoro kwa gharama ya matengenezo. Daktari alileta shahidi, mtu aliyewahi kumiliki wakala wa magari ya aina hiyohiyo, naye akaeleza kwamba gari lililopigwa rangi upya hupungua thamani kwa kiasi cha asilimia kumi. Asilimia kumi ya bei ile ni kama dola 4,000. Angalieni tofauti hiyo: fundi hudai mia sita, lakini soko hudai elfu nne. Hizo elfu tatu na ushei zilizobaki si za rangi wala msasa. Ni bei ya shaka. Mnunuzi wa pili hajui kilichojificha chini ya ile rangi, na asichokijua hukitoza.

Raia walioteuliwa kuamua kesi, wale waitwao juri, walimpa daktari dola 4,000 za fidia. Kisha wakaongeza dola milioni nne za kuiadhibu kampuni. Hesabu yao haikutoka hewani. Ilionyeshwa mahakamani kwamba tangu 1983 magari 983 yalikuwa yameuzwa kama mapya ilhali yamepigwa rangi, 14 kati yake katika Alabama. Wakili wa daktari akawaambia wazidishe elfu nne mara kama elfu moja. Mahakama ya juu ya Alabama ikaona haifai kuhesabu magari yaliyouzwa majimbo mengine, ikaipunguza adhabu kuwa milioni mbili. Mwezi wa Mei 1996 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hata hiyo imepita kiasi, kwa kuwa ni mara mia tano ya hasara yenyewe, na kwamba aliyekosa ana haki ya kujua mapema ukubwa wa adhabu inayoweza kumpata. Shauri likarudishwa Alabama, na mwaka uliofuata adhabu ikashuka hadi dola 50,000.

Wanasheria huisoma kesi hii kwa ajili ya adhabu tu, na vitabu vyao vimejaa ule uwiano wa mia tano kwa moja. Mimi huona wanalipita jambo lililo kubwa zaidi kwa mtu wa kawaida. Baada ya uamuzi wa juri, kampuni ilibadili utaratibu wake ikaamua kueleza kila tengenezo, hata liwe dogo namna gani. Pia daktari mwingine wa Alabama aliishitaki kampuni hiyohiyo kwa jambo lilelile. Juri lake likampa dola 4,600 za fidia na halikutoa adhabu hata senti moja. Kosa moja, jimbo moja, na hukumu mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi. Nani atasema kwamba watu hawa walijua kwa hakika uzito wa ukimya ule?

Jambo lenyewe si geni. Katika masoko ya Roma ya kale wauzaji wa watumwa na wanyama, biashara ambayo leo tunaitaja kwa aibu, waliamriwa kutangaza maradhi na kasoro za walichouza. Mnunuzi aliyefichwa aliweza kukirudisha ndani ya miezi sita, au kudai apunguziwe bei ndani ya mwaka. Nasi wa pwani tunayo habari iliyo karibu zaidi. Imepokewa katika hadithi za Mtume kwamba alipita sokoni, akatia mkono ndani ya lundo la nafaka, akakuta chini kuna unyevu. Muuzaji akajitetea kwamba ilinyeshewa. Akaulizwa kwa nini basi asiuweke unyevu juu watu wakauona. Mvua ya Madina na mvua ya safari ya kutoka Ujerumani: hakuna aliyelaumiwa kwa sababu ya mvua. Lawama ilikuwa kwa kuugeuza upande mkavu juu. Na makadhi wa mwambao wetu, kwa karne nyingi, waliwapa wanunuzi ile khiyari ya aibu, yaani hiari ya kurudisha kitu chenye kasoro iliyofichwa na kudai fedha.

Sheria tulizoachiwa na Waingereza, Sura ya 214 kwa Tanzania na Sura ya 31 kwa Kenya, zote binti wa sheria ya Uingereza ya 1893, zinasema mambo mawili ambayo mnunuzi wa gari ni heri ayajue kabla ya kushika kalamu. Kwanza, ukikagua kitu, huwezi baadaye kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuionyesha. Pili, ukishapokea, mlango wa kukataa hufungwa kwa kawaida. Unabaki na haki ya kudai fidia tu. Kwa hiyo ile saa ya kukabidhiwa funguo, ambayo watu huitumia kupiga picha, ndiyo saa nzito kuliko zote.

Wamarekani katika hili wamempendelea zaidi mnunuzi. Huko New Jersey bwana mmoja alinunua Chevrolet mpya, na mkewe akaichukua Februari 1967. Hawakufika hata maili moja, gari likagoma. Wakala akataka kubadilisha gia kwa kutumia gia iliyotolewa katika gari jingine la maonyesho. Bwana akazuia hundi yake na kulikataa gari. Mwaka 1968 mahakama ikamuunga mkono. Hoja ya mahakama ilinigusa nilipoisoma: kwamba kwa watu wengi gari ni rasilimali kubwa, na wanaponunua jipya wananunua na utulivu wa moyo. Imani hiyo ikitikiswa, kubadilisha chombo hakuirudishi.

Wapo pia waliolikataa gari wao wenyewe, kabla ya mnunuzi. Julai 1996 haikuwa na kisa hiki. Ni Julai 2006, meli ya Cougar Ace ilipoinama ubavu karibu na visiwa vya Aleutian, Alaska, ikiwa na magari 4,703 ya Mazda. Mabaharia 23 waliokolewa. Mtaalamu mmoja aliyekwenda kuiokoa meli alipoteza maisha. Meli iliinuliwa, na magari mengi yakakutwa hayana hata mkwaruzo. Lakini yalikuwa yamening'inia kwa majuma, yameinama nyuzi 60 hivi. Nani angeapa kwamba mafuta hayakupenya pasipo pake, au kwamba mifuko ya hewa ya usalama ingefumuka siku ya ajali? Kampuni ikaamua kuyasaga yote huko Portland. Watu wengi waliona ni ufujaji. Mimi sioni hivyo, ingawa nakiri kwamba kwa nchi ambako bampa moja hupita mikono mitano, habari ile yaumiza roho.

Nimeyasoma haya kwa sababu ya dada yangu mkubwa. Alistaafu uuguzi mwaka 2012. Kiinua mgongo chake pamoja na mkopo wa chama cha kuweka na kukopa aliviweka vyote katika pikapu mpya, kwa nia ya kukusanya mayai kwa wafugaji wa Kibaha na kuyapeleka mahotelini Dar es Salaam. Wakala, ambaye sitamtaja, alipiga simu siku mbili kabla ya makabidhiano. Gari lilikuwa limegongwa ubavuni na jingine ndani ya yadi. Limeshanyooshwa na kupigwa rangi. Kama hataki, atasubiri shehena nyingine, miezi minne. Rejesho la kwanza la mkopo lilikuwa mwisho wa mwezi ule.

Nilimweleza habari za daktari wa Alabama. Akaniuliza, "Huyo daktari aliambiwa?"

"Hakuambiwa, dada."

"Mimi nimeambiwa. Kwa hiyo yangu ni kesi nyingine, mdogo wangu."

Tulikwenda na mzee mmoja, fundi wa bodi wa Gerezani. Hakutazama rangi kwanza, kama nilivyodhani. Alipima kwa futi kutoka pembe hadi pembe chini ya karoseri, akaandika namba kwenye kiganja, akapima upande wa pili. Akafunua mipira ya milango kutafuta rangi iliyoruka. Akaingia chini na tochi. Alipotoka akasema fremu haikuguswa, ila kioo cha taa ya nyuma kimebadilishwa na hawakusema. Kijana wa mauzo akasema hilo ni jambo dogo, mama.

"Mwanangu," dada akamjibu, "dogo mbona halikuandikwa?"

Kisha akaomba picha zilizopigwa kabla ya kunyoosha. Nilidhani hazipo. Zilikuwepo, zilipigwa kwa ajili ya bima. Zilionyesha bonde moja la urefu wa mkono na taa iliyopasuka, basi. Wakala alitaka kupunguza shilingi laki tisa, ambayo ndiyo gharama waliyomlipa fundi wao. Dada akasema laki tisa ni ya fundi, yeye anataka ya siku atakapoliuza. Akataja milioni tatu. Walivutana asubuhi nzima, wakakutana kwenye milioni mbili na laki mbili, na akakataa kutia sahihi mpaka ankara ilipochapwa upya ikiwa na maneno yote: ubavu wa kushoto umenyooshwa, taa imebadilishwa, rangi ina dhamana ya miaka mitatu.

Kama fundi angesema fremu imeguswa, angesubiri ile miezi minne, deni au si deni. Alikuwa ameshaliamua hilo kabla hatujatoka nyumbani, nami najua maana alinituma niulize chama kama rejesho laweza kusogezwa.

Pikapu ilibeba mayai miaka saba. Ubavu wa kushoto ulishika rangi yake. Wa kulia ndio uliopauka kwanza, kwa kuwa ndio uliokuwa ukiegeshwa upande wa jua. Mwaka 2019 aliiuza kwa mfanyabiashara wa Morogoro, akamkabidhi kadi ya gari na ile ankara ya zamani, akamwonyesha kwa kidole mstari wa matengenezo. Yule bwana akaikunja ankara bila kuisoma, akaitia mfukoni, akauliza kama redio inafanya kazi.