Mchanga unaochemka: namna tanuri linavyochoma mabaki ya mimea
Katika tanuri la aina hii, hewa hupulizwa kutoka chini ya mchanga wa moto hadi chembe zake zitokote mithili ya maji. Mjerumani Fritz Winkler alianzisha mbinu hiyo mwaka 1922 ili kupata gesi kutoka makaa ya mawe.

Vipande vya kuni, vikiwa vyepesi kuliko mchanga, huelea. Mapovu ya hewa ndiyo huvizamisha na kuvichanganya. Vikishatoa mvuke na gesi, hubaki mkaa unaoteketea katika nyuzi 800 hadi 900 za Sentigredi.

Hatari imo majivuni. Potasiamu, iliyo nyingi katika mabua ya ngano, huungana na mchanga na kufanya utando unaonata. Chembe zikigandamana, mchanga hautokoti tena, na tanuri hulazimika kuzimwa.