Kata Mtungini

Mwishoni mwa 1869 kipindupindu kiliingia Unguja kutoka bara. Hadi kilipotulia mwaka uliofuata, maelfu ya watu walikuwa wamezikwa. James Christie, daktari aliyewatibu wagonjwa mjini, aliandika aliyoyaona katika kitabu kilichotoka 1876. Wakati huo Robert Koch alikuwa bado hajaithibitisha bakteria ya ugonjwa huo. Aliifanya kazi hiyo Misri na India mnamo 1883 na 1884.

Maji ya mji yalikuwa na safari ndefu. Yaliteka kisimani au chemchemini, yakabebwa kichwani, mara nyingi na wanawake watumwa, yakamiminwa katika mtungi wa nyumba. Kila aliyeona kiu alichovya kata.

Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliifupisha safari hiyo. Alijenga mfereji ulioleta maji ya chemchemi kutoka nje ya mji hadi Mji Mkongwe. Watu hawakulazimika tena kutegemea visima vilivyochimbwa karibu na vyoo. Historia inamsifu kwa hilo, na anastahili. Lakini mfereji uliishia mtaani. Kutoka hapo maji yalirudi kichwani, kisha mtungini, kisha katani.

Hapo ndipo penye kisa chenyewe. Maji ya chemchemi hayako matupu. Yana bakteria wake, na wengi wao hawamdhuru mtu. Yakishatekwa, jamii hiyo huanza kubadilika. Mkono huleta wageni wake, na ndoo nayo huleta wa kwake. Ndani ya mtungi hujengeka utando wenye utelezi, na bakteria hujishika humo hata maji yanapomwagwa na kujazwa upya. Siku hizi tunatia klorini, lakini nayo hupungua kadiri maji yanavyokaa. Ndiyo maana maji yaliyopimwa bombani yakaonekana safi yanaweza kumharisha mtoto jioni ile ile.

Karibu na mwaka 2000, huko Nyanza, Kenya, wanawake wafinyanzi waliufanyia kazi ukweli huu. Watu walipenda mtungi wa udongo kwa sababu hupoza maji, basi wao hawakuuondoa. Waliufinyanga upya, mdomo ukawa mwembamba, chini ukawekwa bomba dogo. Mkono ukakosa pa kuingilia, na dawa ya klorini ikapata nafasi ya kufanya kazi yake.

Mfereji wa Barghash una jina lake. Wanawake waliobeba maji ya Unguja hawakuandikwa majina, ingawa hatua za mwisho za safari ile zilikuwa mikononi mwao. Hatua hizo ziko nyumbani hadi leo, kati ya bomba na kinywa, na mtoto bado anachovya kikombe katika ndoo iliyo wazi.