Andrew File System

Andrew File System (kifupi AFS) ni mfumo wa kuhifadhi faili kwenye mtandao uliobuniwa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, Marekani, kwa ushirikiano na kampuni ya IBM. Ulianza miaka ya 1980 ndani ya mradi wa Andrew, uliopewa jina la Andrew Carnegie na Andrew Mellon.

Lengo lilikuwa mwanafunzi au mfanyakazi aketi mbele ya kompyuta yoyote chuoni na kuzikuta faili zake zilezile. Ili seva isielemewe na maelfu ya watumiaji, kompyuta huchukua nakala ya faili na kuiweka kwenye diski yake yenyewe, nayo seva huahidi kuiarifu iwapo mtu mwingine ataibadilisha faili hiyo. Hiyo ndiyo sifa kuu ya AFS: mpaka taarifa ifike, kompyuta haina haja ya kuuliza tena. Mabadiliko hurudishwa kwenye seva faili inapofungwa. Hivyo watu wawili wakihariri faili moja kwa wakati mmoja, kazi ya anayefunga mwisho hufuta ya mwenzake.

Utambulisho wa watumiaji hufanywa kwa Kerberos, mfumo uliotoka chuo cha MIT, na ruhusa hutolewa kwa folda nzima. Nafasi ya kila mtumiaji ina kikomo, na wasimamizi wanaweza kuihamishia seva nyingine bila njia ya faili zake kubadilika.

Mwaka 2000 IBM ilitoa msimbo wa AFS kwa umma, na ndio uliozaa OpenAFS.