Kutoka Mizani ya Pamba hadi Simu ya Mwalimu: Maandishi ya Kujifunzia katika Ukanda wa Shinyanga na Geita

Mwaka jana niliwatembelea wanafunzi wangu waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule kadhaa za kata, kuanzia vijiji vya Shinyanga hadi pembezoni mwa mji wa Geita. Katika shule mojawapo niliketi nyuma ya darasa la kidato cha kwanza lenye wanafunzi zaidi ya 100. Mwalimu alikuwa ameshika simu kwa mkono mmoja na chaki kwa mkono mwingine. Alinakili ubaoni maelezo aliyoyapata katika blogu moja ya masomo, na wanafunzi wakayanakili kwenye madaftari. Mada ilikuwa uchimbaji wa madini barani Afrika kabla ya ukoloni. Muda wote huo karasha zilinguruma ng'ambo ya uwanja wa shule, zikisaga mawe ya dhahabu.

Wakati wa mapumziko nilimwita kijana mmoja. Aliniamkia, nami nikamwuliza alichoandika kinahusu nini.

"Kinahusu dhahabu ya Zimbabwe, mwalimu."

"Na hii inayosagwa hapo nje?"

Akatabasamu kwa haya. "Hiyo si somo, mwalimu. Hiyo ni kazi ya baba."

Jibu hilo limenikaa moyoni hadi leo. Mwalimu yule hakuwa mvivu. Alikuwa na kitabu kimoja cha kiada kwa darasa zima, na alitumia fedha yake mwenyewe kununua bando ili watoto wapate cha kuandika. Lakini chombo ambacho kingeweza kuileta karasha darasani kilitumika kuleta maneno ya mtu asiyewahi kufika Geita. Ili tuelewe tumefikaje hapa, inafaa turudi nyuma, kwa kuwa ukanda huu una historia ndefu ya kujifunza kwa maandishi ya hadhara, na historia hiyo ina mafunzo ambayo tumeyasahau.

Barua za walimu na mizani ya pamba

Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilianzisha gazeti la kila mwezi la Mambo Leo, likiwa chini ya Idara ya Elimu. Lilikuwa gazeti la mtawala, na mipaka yake ilijulikana. Hata hivyo lilikuwa na sifa moja ambayo watawala wenyewe huenda hawakuipima uzito wake: lilichapisha barua, mashairi na habari zilizotumwa na wasomaji. Walimu na makarani wa mikoani waliandika juu ya mvua, mavuno, desturi na maana za maneno, kisha wakasomwa na wenzao waliokuwa mbali nao. Mwalimu wa kijijini aligundua kwamba anaweza kuwa msomaji na mwandishi kwa wakati mmoja.

Katika Jimbo la Ziwa, kusoma na kuhesabu havikuwa pambo. Wakulima wa pamba waliamini kwamba wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, na malalamiko hayo yalikuwa miongoni mwa chimbuko la vyama vya ushirika mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya viongozi kama Paul Bomani. Mwaka 1955 vyama hivyo viliungana katika shirikisho la Victoria, ambalo lilikua hadi kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Ushirika ulihitaji makarani, na karani alihitaji shule. Lakini mkulima wa kawaida naye alihitaji kusoma namba iliyo mbele ya macho yake. Asiyeweza kuisoma mizani alilazimika kumwamini anayeisoma.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu mara nyingi tunasimulia historia ya elimu yetu kana kwamba ilianzia ofisini. Usukumani, sehemu kubwa ya hamu ya kusoma ilizaliwa kwenye kituo cha kununulia pamba.

Kisomo chenye manufaa

Tulipopata uhuru tulirithi taifa ambalo wengi wa watu wake wazima hawakujua kusoma. Hata mwaka 1967, mwaka wa Azimio la Arusha na wa Elimu ya Kujitegemea, takriban theluthi mbili ya watu wazima walikuwa hivyo. Mwaka 1968 serikali, ikishirikiana na UNESCO, ilianza mradi wa majaribio wa kisomo chenye manufaa, makao yake yakiwa Mwanza. Ulihusu mikoa minne ya Ziwa: Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Geita wakati huo ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza.

Wazo la mradi lilikuwa rahisi na la kina. Mtu mzima asifundishwe kusoma kwa sentensi zisizomhusu. Mkulima wa pamba asome juu ya pamba, mvuvi juu ya samaki, mfugaji juu ya ng'ombe. Mwaka 1974 likaanzishwa Mwanza gazeti la vijijini lililoitwa Elimu Haina Mwisho, ili aliyehitimu kisomo asikose cha kusoma na kurudi alikotoka. Redio nayo ilibeba mzigo wake. Katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni 2 nchini walikutana katika vikundi, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Kwa takwimu rasmi, kufikia mwaka 1986 wasiojua kusoma walikuwa wameshuka hadi chini ya asilimia 10.

Yalikuwa mafanikio makubwa, na sitaki kuyabeza. Lakini mwanahistoria hana ruhusa ya kusimulia upande mmoja. Vijitabu vile vilimwambia mkulima namna ya kupanda, wala havikumwuliza kwa nini alipanda vingine. Katika mwaka uleule wa 1974 Operesheni Vijiji iliwahamisha watu wengi wa Shinyanga kutoka katika maboma yao, na aliyehamishwa hakuwa na ukurasa wa kuandika yaliyompata. Mambo Leo la mkoloni lilikuwa na nafasi ya barua lakini halikuwa na haja ya kumkomboa msomaji. Kisomo cha Ujamaa kilikuwa na haja ya kumkomboa, ila kilimwachia nafasi ndogo ya kujibu. Halafu ikaja miaka ya 1980, uchumi ukaporomoka, karatasi ikawa adimu, na madarasa mengi ya watu wazima yakafungwa bila tangazo.

Blogu na dhahabu

Mwaka 2004 Ndesanjo Macha alianzisha Jikomboe, inayohesabiwa kuwa blogu ya kwanza ya Kiswahili. Jina lake lilikuwa hoja tosha. Mwaka uliofuata Issa Michuzi akaanza yake, na mwaka 2006 Maxence Melo na Mike Mushi wakafungua jukwaa ambalo baadaye liliitwa JamiiForums. Kwa mara ya kwanza Mtanzania aliweza kuchapisha bila mhariri, bila mtambo na bila karatasi, na msomaji akamjibu papo hapo. Mwaka 2013 Faraja Nyalandu alianzisha Shule Direct, iliyoweka masomo ya sekondari mtandaoni. Walimu wengi wakaanza blogu zao wenyewe za maelezo ya masomo na mitihani iliyopita. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, wengi tuliona kwamba kazi hiyo haikuwa mchezo.

Katika miaka hiyohiyo ukanda wetu ulikuwa unabadilika. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofanya kazi kuanzia 1936 hadi 1966, ulifuatiwa na mgodi mkubwa wa kisasa mwaka 2000, na Bulyanhulu ukafuata mwaka 2001. Geita ikawa mkoa mwaka 2012. Machi 2019 soko la madini lilifunguliwa mjini Geita ili mchimbaji mdogo auze dhahabu yake mahali panapojulikana, kwa bei inayotangazwa. Kwa maneno mengine, mizani imerudi. Babu alisimama mbele ya mizani ya pamba. Mjukuu anasimama mbele ya mizani ya dhahabu, na swali ni lilelile: nani anaisoma?

Sasa tuziangalie blogu zetu za masomo kwa jicho hilo. Nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha kukariri, zimenakiliana, na lengo lake ni mtihani. Elimu bila ada, iliyoanza Januari 2016, ilifungua milango kwa watoto ambao wazazi wao wasingemudu, nalo ni jambo la kushukuru. Lakini madarasa yalijaa kuliko walimu na vitabu vilivyokuwapo. Mwalimu aliyeelemewa hutafuta kilicho tayari. Kwa hiyo tumepata chombo chenye nafasi ya kujibu, tukakigeuza kuwa ubao mrefu.

Jaribio letu na aibu yangu

Baada ya safari ile niliwapa wanafunzi wangu kazi. Kila mmoja aandike katika blogu ukurasa mmoja wa somo lake, kwa kutumia jambo la mahali alipo, ausome darasani, kisha watoto wausahihishe. Shule nyingi haziruhusu wanafunzi kuwa na simu, hivyo ukurasa uliandikwa pia kwa mkono na kubandikwa ukutani. Wa kemia waliandika juu ya zebaki na kwa nini isichomwe jikoni. Wa jiografia waliandika juu ya mashimo yaliyoachwa wazi.

Binti mmoja wa hisabati aliandika juu ya desimali kwa kutumia uzito wa dhahabu. Alikuwa amekosea kipimo. Mtoto ambaye kaka yake hushuka kwenye duara alisimama na kusema kwamba pointi moja ni sehemu ya kumi ya gramu, si sehemu ya mia. Darasa likacheka, mwalimu akafuta, akaandika upya, na jina la mtoto likawekwa chini ya ukurasa kama msahihishaji. Binti yule aliniambia kwamba kuanzia siku hiyo wanafunzi waliokuwa wakikaa kimya walianza kuleta hesabu kutoka nyumbani.

Moja ya hesabu hizo ilionesha mchimbaji alivyopoteza pointi mbili kati ya mizani ya mnunuzi wa kijijini na mizani nyingine. Ukurasa ukawekwa mtandaoni bila jina la mtu wala la mahali. Baada ya siku tatu kiongozi mmoja wa shule alimwita binti yule na kumwonya. Alimwuliza kama ana leseni.

Swali hilo lina historia yake. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wenye blogu kusajiliwa na kulipia leseni shilingi milioni 1, mbali na ada ya maombi ya shilingi 100,000. Juni mwaka huo JamiiForums yenyewe ilizimwa kwa muda. Marekebisho ya mwaka 2022 yalipunguza ada, lakini hofu haikupungua kwa kiwango hicho. Mwalimu wa kata hasomi Gazeti la Serikali. Yeye husikia tu kwamba kuandika mtandaoni kuna kesi.

Binti alinipigia simu kuomba ushauri. Nami, ambaye hufundisha historia ya magazeti ya wapigania uhuru, nilimwambia aufute. Nilijiambia kwamba namlinda kwa kuwa hajaajiriwa. Pengine ilikuwa kweli. Lakini nilipokata simu nilijua kwamba nimefanya kile ninachowalaumu wengine: nilimwachia mwenye mizani aendelee kuisoma peke yake.

Ukurasa ulifutwa. Nakala ya ukutani, nilikuja kuambiwa, haikubanduliwa na mtu, na watoto walikuwa tayari wameinakili. Safari hii walinakili kitu walichokitunga wenyewe.

Tufanye nini

Kwa watumishi wa umma: toeni waraka mfupi, kwa Kiswahili chepesi, unaomhakikishia mwalimu kwamba ukurasa wa somo si kosa. Vitabu vya pamba vya miaka ya 1968 hadi 1972 vilihitaji fedha za Umoja wa Mataifa. Huu unahitaji karatasi moja na sahihi.

Kwa wanafunzi wa ualimu: msiwe wachuuzi wa maelezo. Kabla ya kupakua, chungulieni dirishani. Andikeni kwa lugha ambayo mtoto anaweza kuwasahihishia, na mkisahihishwa, andikeni jina lake.

Kwa wanaharakati: haki ya kujieleza haiishii kwa wahariri wa mjini. Mwalimu wa desimali naye ni mwandishi.

Na kwangu mimi: muhula ujao kazi hii itarudiwa, na kurasa zote zitawekwa chini ya jina langu, si la mwanafunzi. Ikiwa kuna wa kuulizwa leseni, aulizwe mwenye ajira. Niliyemwona Geita amenakili dhahabu ya Zimbabwe atakuwa kidato cha pili sasa. Natumaini kuna mwalimu atakayemwambia kwamba kazi ya baba yake nayo ni somo.